Uhai Kwenye Miezi ya Mbali: Historia Fupi, na Funzo kwa Watu wa Programu

Najua nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa. Kazi zilinilemea, si kwamba nimewasahau. Kilichonirudisha kwenye kibodi ni ujumbe niliotumiwa na mpwa wangu aliye shule ya upili. Ni mojawapo ya zile jumbe zinazosambazwa kutoka simu hadi simu bila kujulikana zilianzia wapi. Ulidai kwamba wanasayansi wamewaona samaki chini ya barafu katika mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii, na kwamba wakubwa wanazificha habari hizo. Chini yake mpwa wangu alikuwa ameandika maneno matatu tu: "Mjomba, ni kweli?"

Nilimjibu kwamba si kweli. Hakuna samaki aliyeonekana huko, wala kiumbe mwingine yeyote, hata bakteria. Lakini baada ya kutuma jibu hilo nilihisi nimemnyima kitu. Jibu lilikuwa sahihi, ila lingemfanya afikiri kwamba hakuna la kusimulia, ilhali ukweli wenyewe una utamu kuliko ule uwongo. Basi makala haya ni yake, na ni yenu pia.

Kabla sijaendelea, tukubaliane juu ya neno moja. Nikisema "miezi" leo sina maana ya Januari na Februari. Nina maana ya magimba yanayoizunguka sayari, jinsi mwezi wetu unavyoizunguka Dunia. Mshtarii na Zohali, sayari mbili kubwa kuliko zote katika mfumo wetu wa jua, zina miezi mingi. Ni michache tu kati yake inayotuhusu hapa.

Watu wenye mabawa

Mambo yalianza usiku wa tarehe 7 Januari 1610, Galileo Galilei alipoielekeza darubini yake kwenye Mshtarii akaona vinukta vitatu vya mwanga kando yake. Baada ya siku chache akaona cha nne, na vyote vilikuwa vikihama. Leo tunaviita Io, Europa, Ganymede na Callisto. Mwaka 1655 Mholanzi Christiaan Huygens akauona mwezi mkubwa wa Zohali, unaoitwa Titan. Tarehe 28 Agosti 1789 William Herschel, akiwa Uingereza, akaona mwezi mwingine wa Zohali, mdogo sana, ambao sasa tunauita Enceladus. Shika majina matatu kati ya hayo: Europa, Titan na Enceladus.

Binadamu hakukawia kuwaza juu ya wakazi wa huko juu. Huygens aliandika kitabu kizima kiitwacho Cosmotheoros, kilichochapishwa mwaka 1698 baada ya kifo chake, akitetea wazo kwamba ulimwengu nyingine zina viumbe wenye akili. Ushahidi hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni hoja, kwamba si busara kudhani Dunia yetu peke yake ndiyo iliyopambwa.

Halafu kukatokea kisa cha mwaka 1835. Mwezi wa Agosti mwaka huo gazeti la The Sun la New York lilichapisha mfululizo wa makala sita. Lilidai kwamba John Herschel, mwana wa yule William aliyeiona Enceladus, ametengeneza darubini kubwa ajabu na kwamba ameona wanyama kwenye mwezi wetu, pamoja na watu wenye mabawa kama ya popo. Sasa angalia ujanja wake. John Herschel alikuwa mtu halisi, mwanasayansi wa kuheshimika, na kweli wakati huo alikuwa karibu na Cape Town akichunguza nyota za anga ya kusini. Habari kutoka huko zilisafiri kwa meli, kwa hivyo hapakuwa na mtu New York wa kumuuliza siku hiyohiyo. Watu wengi waliamini. Yote yalikuwa uzushi mtupu.

Unaona, mpwa wangu? Ujumbe ulionitumia una babu yake, na babu huyo ana karibu miaka mia mbili. Mbinu haijabadilika: chukua jina la kweli, taja mahali pa kweli, kisha weka uwongo katikati.

Hesabu ya baridi

Karne ya ishirini ilipofika, ndoto hizo zilikuwa zimeanza kuzimika, na kwa sababu nzuri. Mshtarii iko mbali na jua mara tano kuliko sisi, na mwanga inaopata ni kama sehemu moja ya ishirini na saba ya mwanga wetu. Zohali inapata kama sehemu moja ya tisini. Kwenye uso wa Europa baridi ni kama nyuzi 160 chini ya sifuri. Tena miezi hii ni midogo, na kitu kidogo hupoa upesi, kama kikombe cha chai kinavyopoa kabla ya sufuria. Wengi walihitimisha kwamba huko kuna mawe na barafu iliyokufa zamani. Na tulifundishwa shuleni kwamba uhai wote hutegemea jua: mmea hula mwanga, mbuzi hula mmea, nasi tunamla mbuzi.

Nguzo hizo mbili zilianguka ndani ya miaka miwili.

Ya kwanza ilianguka hapa hapa duniani. Mwaka 1977 watafiti waliokuwa wakitumia nyambizi ndogo iitwayo Alvin walishuka karibu na visiwa vya Galápagos hadi kina cha kama mita 2,500, mahali ambapo mwanga wa jua haufiki kabisa. Walikuta maji moto yakitoka kwenye nyufa za sakafu ya bahari, na kando yake viumbe tele, chaza na minyoo mirefu inayoishi ndani ya mirija. Msingi wa chakula chao ulikuwa bakteria wanaopata nguvu kutoka kwa kemikali zinazotoka ardhini. Jua halikuwa jikoni.

Ya pili ilianguka mbali sana, na hapa ndipo watu wa tarakilishi tunapoingia.

Picha yenye kasoro

Tarehe 2 Machi 1979 jarida la Science lilichapisha makala ya Stanton Peale, Patrick Cassen na Ray Reynolds. Walikuwa wamepiga hesabu kuhusu Io, mwezi ulio karibu na Mshtarii kuliko wenzake watatu wa Galileo. Io inapozunguka mara nne, Europa inazunguka mara mbili na Ganymede mara moja. Kwa sababu hiyo zinakutana mahali palepale tena na tena, zinavutana, na njia ya Io haiwezi kuwa duara kamili. Mara inasogea karibu na Mshtarii, mara inasogea mbali kidogo. Mvuto wa Mshtarii unaizidia na kuiachilia, unaizidia na kuiachilia. Mwezi mzima unakandwa kama unga wa chapati. Chukua waya uukunje na kuukunjua haraka mara ishirini, kisha uguse pale ulipokunja. Utaelewa. Wataalamu hao watatu walitabiri kwamba ndani ya Io mawe yameyeyuka.

Siku tatu baadaye chombo cha Voyager 1 kilipita kwenye mfumo wa Mshtarii. Tarehe 9 Machi mhandisi Linda Morabito alikuwa kazini kwenye maabara ya JPL, mjini Pasadena, California. Hakuwa akitafuta volkano, wala uhai. Kazi yake ilikuwa uelekezaji wa chombo: kuchukua picha, kuuongeza mwanga wake kwa tarakilishi ili nyota hafifu zionekane, kisha kutumia nyota hizo kujua chombo kiko wapi hasa. Alipouongeza mwanga wa picha ya Io, kando ya ukingo wa mwezi kukatokea kitu kama mwavuli, kama mwezi mwingine uliojificha nyuma.

Mtu mwenye haraka angesema ni kasoro ya kamera, akakata kipande hicho na kuendelea na nyota zake. Morabito na wenzake walikataa kukikata. Waliondoa uwezekano mmoja baada ya mwingine mpaka likabaki jibu moja: ni volkano hai, inayorusha vumbi na gesi hadi zaidi ya kilomita 250 juu. Ilikuwa mara ya kwanza binadamu kuona volkano ikilipuka nje ya Dunia.

Nina sababu ya kukipenda kisa hiki. Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya kujumlisha mauzo ya duka la mteja mmoja. Kwenye data kulikuwa na rekodi zinazofanana kabisa: bidhaa ileile, bei ileile, dakika ileile. Nikajiambia ni mtandao unaotuma mara mbili. Nikaandika mstari mmoja wa kuzitupa, nikajisifu, nikaenda nyumbani. Majuma mengi baadaye pesa na hesabu zikakataa kulingana. Rekodi zile zilikuwa mauzo halisi, watu waliolipia pakiti moja ya maziwa kisha wakaongeza ya pili. Nilikuwa nimeufuta ukweli kwa sababu ulikuwa ukinisumbua. Kila nikisoma kuhusu Linda Morabito, namkumbuka yule mteja.

Io yenyewe ni jehanamu ya salfa, haifai kwa kiumbe. Lakini kama Io inakandwa, jirani yake Europa pia inakandwa, ingawa kwa upole zaidi. Julai 1979 Voyager 2 ilituma picha za Europa: gimba laini jeupe, karibu halina mashimo ya vimondo, limejaa nyufa kama ganda la yai lililogongwa. Uso usio na mashimo ni uso mpya. Kitu fulani kilikuwa kikiufanya upya. Je, chini ya barafu hiyo kunaweza kuwa na maji?

Herufi moja kwa sekunde

Ili kujibu, NASA ilirusha chombo kilichopewa jina la Galileo tarehe 18 Oktoba 1989. Aprili 1991 kilipoamriwa kufungua antena yake kubwa, iliyokunjwa kama mwavuli, baadhi ya mbavu zilikwama. Antena haikufunguka tena. Ilikuwa imeundwa kutuma biti zaidi ya 134,000 kwa sekunde. Iliyobaki ilikuwa antena ndogo ambayo, kutoka Mshtarii, ingetuma biti kati ya 8 na 16 hivi kwa sekunde. Hesabu mwenyewe: ni kama herufi moja au mbili kila sekunde. Wale waliowahi kungoja picha moja ifunguke kwenye saibakafe watanielewa, lakini hapa hata saibakafe ingeonekana ni ndege.

Fundi wa kupanda huko hayupo. Kilichoweza kubadilishwa ni programu peke yake. Wahandisi waliandika upya programu za chombo kilichokwisha kuondoka, wakazituma kwa redio, na ndani yake wakaweka njia za kubana picha zinazofanana na zile za JPEG tunazotumia kila siku. Hapa duniani waliunganisha antena kadhaa zisikilize kwa pamoja. Mwendo ukafika hadi biti 160 kwa sekunde. Bado ni kidogo, lakini kwa biti hizo ndipo ushahidi wa bahari ulipopita.

Ushahidi wenyewe haukuja kwa picha. Ulikuja kwa kifaa cha kupima nguvu za sumaku, kilichosimamiwa na Margaret Kivelson. Sumaku ya Mshtarii imeinama kidogo, kwa hivyo sayari inapojizungusha, mwelekeo wa nguvu hizo pale Europa hugeuka kila baada ya saa chache. Ikiwa ndani ya Europa kuna kitu kinachopitisha umeme, kama maji ya chumvi, kitajibu kwa kuunda sumaku yake dhaifu, nayo itageuka kila ile kubwa inapogeuka. Tarehe 3 Januari 2000 chombo kilipita Europa wakati mwelekeo ulikuwa kinyume na ule wa safari za mwanzo. Sumaku ya Europa ilikuwa imegeuka, kama ilivyotabiriwa. Tangu hapo wanasayansi wengi wanakubali kwamba chini ya barafu hiyo kuna bahari ya chumvi, na makadirio yanasema maji yake huenda ni mara mbili ya bahari zote za Dunia.

Jaribio ambalo halikutakiwa

Wakati huohuo chombo kingine, Cassini, kilikuwa njiani kwenda Zohali tangu tarehe 15 Oktoba 1997. Kilibeba mgongoni chombo kidogo cha Ulaya kiitwacho Huygens, cha kutua Titan. Titan ndio mwezi pekee wenye hewa nzito, na mwaka 1944 Gerard Kuiper alikuwa ametangaza kwamba hewa hiyo ina methani.

Mpango ulikuwa Huygens itume data kwa Cassini, nayo Cassini iitume nyumbani. Mhandisi Boris Smeds wa Shirika la Anga la Ulaya alitaka kiungo hicho kijaribiwe kwa kuiga hali halisi ya safari. Wapo walioona jaribio hilo halina haja. Alishikilia, na Februari 2000 likafanywa kwa antena ya Goldstone, California, kuituma Cassini ishara zilizoiga zile za Huygens. Data zikarudi zimevurugika.

Sababu ni ile inayofanya honi ya gari linalokujia isikike kali, kisha ishuke likishapita. Vyombo viwili vinavyokimbiana hubadilisha mwendo wa biti zinazopokelewa. Kipokezi kilichokuwa ndani ya Cassini kiliwekewa mipaka myembamba mno kuweza kufuata mabadiliko hayo, na mipaka hiyo haikuweza kubadilishwa kutoka Dunia. Hitilafu ilikuwa imesharushwa angani! Dawa ikawa kubadilisha njia: Cassini ipite mbali zaidi na Titan, ili kasi kati ya vyombo hivyo viwili ipungue. Tarehe 14 Januari 2005 Huygens ikashuka salama.

Hata hivyo hakuna safari isiyo na kisa. Kulikuwa na mikondo miwili ya redio, na katika orodha ya amri mtu alisahau amri ya kuwasha kipokezi cha mkondo wa kwanza. Picha kama 350 zikapotea. Nyingine kama 350 zilifika kwa mkondo wa pili, zikaonyesha mabonde yaliyochongwa na mito, na ardhini mawe ya mviringo ya barafu ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri. Mwaka 2006 rada ya Cassini ikaona maziwa karibu na ncha ya kaskazini ya Titan. Yamejaa methani na ithani katika hali ya majimaji. Kama kuna uhai ndani ya maziwa hayo, hauwezi kuwa wa aina tunayoijua.

Mwezi mfupi kama barabara ya Mombasa

Enceladus haikutarajiwa kutoa habari kubwa. Upana wake ni kama kilomita 504 tu, yaani kukaribiana na urefu wa barabara ya Nairobi hadi Mombasa. Kitu kidogo namna hiyo kilipaswa kuwa kimeganda hadi kiini.

Februari na Machi 2005 Cassini ilipita kando yake mara mbili. Kifaa cha kupima sumaku, kilichoongozwa na Michele Dougherty wa Imperial College London, kikaonyesha jambo dogo lisiloeleweka: nguvu za sumaku za Zohali zilikuwa zikipinda kando ya Enceladus kana kwamba mwezi huo una hewa. Mwezi mdogo hauwezi kuishika hewa. Mtu angeweza kusema ni kelele za kifaa. Dougherty alikwenda kwa waongozaji wa safari akawaomba wapitishe chombo karibu zaidi. Ziara iliyofuata ilipangiwa kilomita 1,000. Wakakubali kushuka hadi kilomita 173.

Tarehe 14 Julai 2005 Cassini ikapita, na jambo likawa wazi. Kwenye ncha ya kusini kulikuwa na nyufa nne ndefu zenye joto kuliko barafu ya kando yake, na kutoka humo mvuke wa maji na chembe za barafu zilikuwa zikirushwa angani. Umewahi kusimama kando ya chemchemi za maji moto za Ziwa Bogoria? Weka picha hiyo akilini, kisha uondoe hewa na punguza mvuto, ili maji yaruke mamia ya kilomita bila kizuizi.

Bahari ilikuwa ikijileta yenyewe. Hapakuwa na haja ya kutoboa barafu. Cassini ilipita mara kadhaa ndani ya mvuke huo na kuuonja. Ilikuta chumvi na kemikali za kaboni. Mwaka 2015 watafiti walitangaza chembe za silika za aina inayoundwa penye maji ya joto la nyuzi 90 au zaidi, dalili kwamba kwenye sakafu ya bahari hiyo kuna chemchemi moto kama zile zilizoonwa na Alvin. Aprili 2017 ilitangazwa kwamba mvuke una haidrojeni, ambayo hapa duniani ni chakula cha vijidudu fulani wanaoichanganya na kaboni dayoksaidi na kutoa methani.

Na mwaka 2023, miaka kadhaa baada ya Cassini kutoweka, watafiti waliokuwa wakichambua data zake za zamani wakapata fosforasi, ambayo uhai wetu hauwezi kukosa. Enyi mnaofuta faili za zamani ili kupata nafasi, tafakarini.

Vyombo vilivyojitoa mhanga

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo hunigusa kuliko zote. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unazitaka nchi ziepuke kuchafua magimba mengine. Chombo cha Galileo hakikuwa kimesafishwa vijidudu vyote kabla ya kuondoka. Mafuta yalipokaribia kwisha, kama kingeachwa kizurure, siku moja kingeweza kuiangukia Europa, na bakteria wachache wa Florida waliosalia wakaingia baharini. Baadaye mtu angekwenda huko, akakuta uhai, akashangilia, kumbe amejikuta mwenyewe.

Kwa hivyo tarehe 21 Septemba 2003 waliokitengeneza walikielekeza ndani ya Mshtarii kiteketee. Cassini ikafuata tarehe 15 Septemba 2017, ikachomeka ndani ya Zohali ili Enceladus na Titan zibaki safi. Fikiria: vyombo hivyo viliangamizwa kwa sababu ya ugunduzi wao wenyewe. Kama Galileo isingepata bahari, ingekuwa na mwisho mwingine. Watu waliofanya kazi miaka ishirini na chombo kimoja walikubali kukiua ili swali libaki na jibu la kuaminika.

Linganisha na wale wanaosambaza samaki wa uwongo.

Tulipo leo

Tahadhari inahitajika pia kwa upande wa pili, maana si kila kasoro kwenye picha ni volkano. Desemba 2013 ilitangazwa kwamba darubini ya Hubble imeona dalili za mvuke juu ya Europa. Mwaka 2018 data za Galileo za mwaka 1997 zilipochambuliwa upya nazo zikaonyesha dalili kama hiyo. Lakini mara nyingi Hubble ilipotazama tena haikuona kitu, na mpaka sasa jambo hilo halijathibitishwa. Usilifute kosa kabla ya kulielewa, na pia usilitangaze kuwa ugunduzi kabla ya kulielewa. Masharti hayo mawili huenda pamoja.

Vyombo viko njiani. JUICE ya Ulaya iliondoka tarehe 14 Aprili 2023, na antena ya rada yake ilikwama siku za mwanzo, mpaka ilipotikiswa ikafunguka mwezi uliofuata. Safari hii bahati ilikuwa upande wetu. Inatarajiwa kufika Mshtarii mwaka 2031 na baadaye kuizunguka Ganymede. Europa Clipper ya NASA iliondoka tarehe 14 Oktoba 2024, inatarajiwa kufika 2030 na kuipita Europa mara 49. Dragonfly, chombo chenye mapanga kama helikopta, kimepangwa kuondoka 2028 kwenda kuruka kwenye hewa ya Titan. Clipper haikuundwa kutafuta samaki. Itapima kama bahari ile inakalika.

Kwa sasa tunajua hivi. Maji yapo. Joto lipo. Kemikali zipo, angalau Enceladus. Lakini kuwa na unga, maji, sufuria na moto si sawa na kusema ugali umeiva. Hatujui jinsi uhai ulivyoanza hata hapa kwetu, kwa hivyo hatuwezi kusema kama huanza kwa urahisi kila penye viungo, au ni bahati iliyotokea mara moja. Ndiyo maana jibu la miezi hiyo lina uzito. Hata kijidudu kimoja, kikiwa hakina undugu nasi, kitatuambia kwamba ulimwengu umejaa majirani. Na bahari ikikutwa tupu licha ya kuwa na kila kitu, hilo nalo litatufundisha kuithamini hii yetu.

Jioni nilimpigia simu mpwa wangu nikamsimulia haya, kwa ufupi kidogo kuliko mlivyosoma ninyi. Alinyamaza, kisha akauliza: "Mjomba, sasa hizo data za Cassini mtu anaweza kuzipata?" Nikamwambia ndiyo, NASA huziweka wazi kwa umma, anayetaka azichukue. Sijui kama atazifungua. Lakini tangu siku hiyo hajanitumia samaki mwingine.

Haya, tuonane makala ijayo. Na kama una rekodi zinazojirudia kwenye hifadhidata yako, ngoja kwanza. Usizifute leo.